Tundu la Wavu na Bei ya Omena: Udhibiti wa Uvuvi wa Samaki Wadogo kutoka Ziwa Victoria hadi Endebess

Endebess ni mji mdogo ulio kaskazini-magharibi ya Kitale, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Elgon. Ni nchi ya mahindi, maziwa na viazi, na anayesimama sokoni hapo haoni ziwa lolote. Ziwa Victoria li umbali wa zaidi ya kilomita 100. Hata hivyo, omena ni kitoweo kinachojulikana vyema katika kaya za Trans Nzoia na Bungoma. Hupimwa kwa gorogoro au kwa kikombe, nao hununuliwa hasa na yule ambaye bei ya nyama imemshinda. Ukimwambia mnunuzi huyo kuhusu sheria za uvuvi, huenda akauliza zinamhusu vipi yeye asiyemiliki hata ndoana.

Swali hilo lina uzito. Makala haya yananuia kueleza jinsi uvuvi wa omena kwa nyavu unavyodhibitiwa, na kuonyesha kwamba udhibiti huo, maadamu umeegemezwa kwenye wavu pekee, unamwacha nje mtu ambaye samaki huyo ana thamani kubwa zaidi kwake. Ikumbukwe pia kwamba uhusiano wa Endebess na ziwa si wa lori na gunia tu. Baadhi ya mito inayotoka Mlima Elgon, Koitobos ukiwa mmojawapo, humwaga maji yake katika Mto Nzoia, nao Nzoia hushuka hadi Bunyala na kuingia ziwani. Udongo na mbolea vinavyosombwa na mvua kutoka mashamba ya mahindi hufika kule kule anakovuliwa omena.

Tuanze na samaki mwenyewe. Wajaluo humwita omena, Waganda humwita mukene, na Waswahili wa Tanzania humwita dagaa. Wanasayansi humwita Rastrineobola argentea. Jina la dagaa ni pana mno, kwa kuwa hubeba samaki wadogo wa aina mbalimbali wasio na nasaba moja. Dagaa wa Kigoma si dagaa wa Mwanza, na dagaa mchele wa Unguja ni wa mbali zaidi kwa sababu ni wa baharini. Aliyehamishwa kutoka Ziwa Tanganyika hadi Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata huko jina la sambaza. Mwanafunzi wa isimu atafurahia wingi huu wa majina, lakini mtunga sheria hana budi kuuogopa. Kanuni inayosema “dagaa” bila kutaja ziwa wala aina huwa inazungumzia samaki wengi kwa pamoja, na kila mmoja wao ana umri wake wa kuzaa.

Omena wa Ziwa Victoria haishi zaidi ya mwaka mmoja au miwili, na urefu wake aghalabu haufiki sentimita 10. Huanza kuzaa akiwa na takriban sentimita 4. Huzaa mwaka mzima, ingawa kuna majira ambapo mayai huwa mengi zaidi. Hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Mchana huzama, na usiku hupanda karibu na uso wa maji. Sifa hizi zinaeleza kwa nini aliweza kustahimili mabadiliko yaliyowaangamiza wenzake. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshawala furu wa aina nyingi hadi wengine wakatoweka kabisa. Omena pia ni chakula cha sangara, lakini yeye huzaa haraka kuliko anavyoliwa. Kwa uzito, leo ndiye anayeongoza miongoni mwa samaki wanaovuliwa katika ziwa hilo.

Uvuvi wake ni wa usiku. Wavuvi huelea na taa, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi zaidi taa za betri na za nguvu za jua. Omena hufuata mwanga, kisha wavu wenye matundu madogo hutandazwa na kuvutwa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu na wavuvi hupumzika. Kwa hivyo kabla ya serikali yoyote kutunga kanuni, mbalamwezi ilikuwa tayari ikifunga uvuvi kwa siku kadhaa kila mwezi. Hakuna askari aliyewahi kuhitajika kuisimamia.

Sheria nayo hutumia zaidi nyenzo mbili: tundu la wavu na majira. Nchini Kenya, wavu wa omena wenye matundu yaliyo chini ya milimita 10 umepigwa marufuku. Tundu hupimwa likiwa limevutwa hadi nyuzi zake zinyooke, kutoka fundo moja hadi fundo la pili linalolikabili. Hoja iliyo nyuma ya kipimo hiki ni nyepesi kueleweka: samaki mchanga apenye, aliyekomaa abaki, kila mmoja apate nafasi ya kuzaa walau mara moja. Tatizo ni kwamba wavu hauvuliwi ukiwa umelala mezani. Ukivutwa kwa nguvu, matundu hujibana. Ukijaa samaki, wale wa mwanzo huziba njia ya wale wanaofuata. Na wavu wa pili ukitandikwa juu ya wa kwanza, kila mmoja ukiwa halali kwa kipimo, mchumaji anakuwa na wavu haramu uliotengenezwa kwa nyavu mbili halali. Karibu na ufuo madhara huwa makubwa zaidi, kwa kuwa hapo ndipo sangara wachanga na furu hukulia, nao hunaswa pamoja na omena.

Nyenzo ya pili ni majira. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kwa miezi minne, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Maelezo rasmi ni kwamba samaki hupewa nafasi ya kuzaliana. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Miezi ya kwanza ya kipindi hicho ni ya masika, na omena hukaushwa juani, aghalabu juu ya mchanga au nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha huoza, au hushuka daraja na kuuzwa kama chakula cha mifugo. Samaki anayevuliwa wakati huo ana uwezekano mkubwa wa kutoliwa na mtu. Kwa mtazamo huo, kufungwa kwa uvuvi wakati wa masika kuna faida hata kama omena huzaa mwaka mzima. Vichanja vya kukaushia vilivyoinuliwa kutoka ardhini vingeweza kuokoa sehemu ya samaki hao, lakini vinahitaji mbao na waya, na wanawake wengi wanaokausha omena hawana mtaji wa kutosha.

Udhaifu mkubwa wa majira ni mpaka. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya eneo la Ziwa Victoria. Sehemu iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Omena hajui mpaka, na lori pia halina shida nao likiwa na karatasi zake. Nchi hizo tatu zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, na makao yake yakawekwa Jinja. Shirika hilo limesaidia kulinganisha vipimo na kuhesabu mashua, lakini utekelezaji umebaki mikononi mwa kila taifa, na mataifa hayafuati njia moja. Uganda, kwa mfano, ilikabidhi jeshi kazi ya kulinda uvuvi kuanzia mwaka 2017. Mvuvi wa upande wa Kenya anayeona taa zikiwaka ng’ambo ya mpaka katika mwezi wa Mei haoni hifadhi. Anachokiona ni jirani akivuna shamba la pamoja.

Ziwa Tanganyika linatoa mfano tofauti. Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kigoma, ambako dagaa ni jina la mji kama vile mahindi yalivyo ya Kitale, hatua hiyo iliuma. Hata hivyo ilikuwa na jambo moja ambalo kanuni za Ziwa Victoria zimelikosa, nalo ni tarehe zinazofahamika pande zote za maji.

Turejee Endebess. Uvuvi unapofungwa, bei ya omena hupanda, na wanaoingia sokoni kushindana na mama mwenye kikombe chake si majirani zake tu. Mshindani wake mkubwa ni kuku. Omena husagwa na kuchanganywa katika chakula cha kuku, nguruwe na samaki wa kufugwa, na kwa makadirio mengi zaidi ya nusu ya omena wa Kenya huishia huko. Msagaji hununua kwa magunia, hulipa haraka, wala hajali kama samaki wana mchanga. Kwa mvuvi, huyo ni mteja mzuri. Na hapa ndipo hoja ya wavu inapoanza kuyumba. Msagaji hahitaji samaki mkubwa, kwani hata mchanga husagika. Soko lisilochagua ukubwa huunyima tundu la wavu sababu yake ya kiuchumi, na kilichobaki ni faini.

Peru ni onyo la kale katika jambo hili. Dagaa wao wa baharini, anchoveta, huvuliwa zaidi kwa ajili ya unga wa samaki, na mwaka 1972 uvuvi huo ulianguka vibaya baada ya uvunaji kupita kiasi kukutana na El Niño. Sheria zilizofuata baadaye ziliweka mgao kwa kila meli. Peru iliweza kufanya hivyo kwa kuwa ina meli zinazoweza kuhesabiwa na viwanda vinavyoweza kupimiwa tani. Ziwa Victoria lina mashua nyingi mno na fuo nyingi mno. Kinachoweza kuhesabiwa hapa ni viwanda vya chakula cha mifugo. Ni ajabu kwamba kanuni humfuata mvuvi usiku wa manane ziwani, ilhali gunia linalopita mchana barabarani halina anayeliuliza linakwenda kwa mtu au kwa kuku.

Suala la uwakilishi linafuata hapo. Tangu kanuni za mwaka 2007, fuo za Kenya husimamiwa kwa pamoja na vikundi vinavyojulikana kwa kifupi kama BMU. Humo wamo wenye mashua, vibarua wa majini na wachuuzi. Ni hatua ya maana, hasa kwa wanawake ambao awali walionekana kama wapitaji tu ufuoni. Lakini orodha ya wahusika inakomea mchangani. Mlaji wa Endebess hana kiti, na ni vigumu kufikiria angekaliaje. Fauka ya hayo, kanuni zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mvuvi huzipata kwa Kijaluo au Kiswahili cha mdomo, zikiwa zimeshapita kwa watu watatu au wanne, na “tundu lililovutwa” hugeuka kuwa “wavu mdogo”, jambo ambalo si lile lile hata kidogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2021. Kanuni za uvuvi za ziwa linalomilikiwa na nchi tatu zingefaa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kunufaika, na istilahi zake tayari zimo vinywani mwa wavuvi.

Upo pia mlango mwingine, nao uko karibu na Endebess kuliko ziwa. Protini ya kuku si lazima itoke majini. Soya na mashudu ya alizeti hutumika tayari, na taasisi ya icipe jijini Nairobi imetafiti kwa miaka kadhaa ufugaji wa funza wa nzi askari mweusi kwa ajili ya chakula cha mifugo. Funza hao hula mabaki ya jikoni na ya sokoni, vitu ambavyo Kitale haina uhaba navyo. Mkulima wa Trans Nzoia anayepanda alizeti au kufuga funza hadhaniwi kuwa anashughulika na uvuvi, wala hakuna ofisi ya uvuvi inayomwandikia barua. Lakini kila gunia la omena ambalo msagaji halihitaji tena hubaki sokoni likisubiri mtu mwenye kikombe.