Kuondoa Mistari ya Boti: Sumu Isitufuate Nyumbani



Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumzia boti, na hapa Mwamapalala hatuna ziwa. Lakini kila mwaka, pamba ikishavunwa, vijana na akina baba wengi wa kwetu huteremka Lamadi, Magu na Mwanza kutafuta vibarua ziwani. Huko boti za faiba zinaongezeka. Mwaka 2024 serikali iliwakopesha wavuvi wa Ziwa Victoria boti za namna hiyo. Boti ikipata mwenyewe mpya, naye hutaka mistari ya mapambo ya zamani iondolewe ili aweke jina na rangi zake. Kazi hiyo hupewa kibarua, akakabidhiwa msasa na tina.

Tulipata kumpokea mtoto wa miaka miwili ambaye baba yake alikuwa ametoka kwenye kazi hiyo. Alirudi na tina iliyobaki, ameitia katika chupa ya soda, akakusudia kuondolea rangi kuukuu ya kitanda. Mtoto aliiona chupa chini ya meza, akanywa. Bibi yake kwa upendo alimnywesha maziwa, kisha akamtia kidole kooni atapike. Alipofika kwetu alikuwa anapumua kwa shida na ana homa. Alikaa wodini siku tisa, na kwa neema ya Mungu akapona. Bibi hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Ndiyo sababu tunaandika.

Tuanze na kazi yenyewe. Mistari ya boti ni ya aina mbili. Mingine ni stika iliyobandikwa, mingine ni rangi iliyopakwa. Ukiinua ncha kwa ukucha nayo ikabanduka kama utepe, hiyo ni stika.

Stika haihitaji msasa wala moto. Iache boti juani, au weka kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto juu ya mstari mpaka gundi ilainike. Kisha inua kwa kipande cha plastiki kigumu, ukivuta polepole. Chuma kitakwaruza boti. Gundi inayobaki ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu paoshwe kwa maji na sabuni. Pahali palipokuwa na mstari pataonekana pana rangi kali zaidi, kwa kuwa hapakupigwa na jua. Pasuguliwe kwa dawa ya kung'arishia magari. Hakuna haja ya kuparua.

Rangi iliyopakwa ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu ya vumbi. Rangi nyingi za zamani, hasa za manjano, machungwa na nyekundu, zilitengenezwa kwa kutiwa madini ya risasi ili zing'ae na zidumu. Na hizo ndizo rangi zinazopendwa kwa mistari ya mapambo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Tena mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 ya kile anachofyonza mtu mzima akimeza kiasi kile kile. Risasi hudumaza akili, huleta upungufu wa damu na maumivu ya tumbo, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama. Haina harufu, na mtoto haonekani mgonjwa mwanzoni.

Faiba nayo ina vumbi lake. Ni nyuzi ndogo sana za kioo, zinazowasha ngozi, macho na koo. Ukiwashwa usijikune, jimwagie maji mengi.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Usipige msasa mkavu. Tumia msasa wa maji, na boti ilowe muda wote. Vumbi lililolowa haliruki.

2. Usichome rangi kwa moto. Moshi wa rangi yenye risasi ni sumu.

3. Vaa barakoa ya vumbi inayobana usoni, miwani na glavu. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi laini.

4. Fanya kazi mahali pa wazi, watoto na mama wajawazito wakiwa mbali. Tina na petroli hushika moto upesi, hata kwa cheche ya sigara.

5. Jihadharini na dawa za kuondolea rangi zenye methilini kloridi. Mwilini hugeuka kuwa hewa ile ile yenye sumu inayotoka katika jiko la mkaa lililofungiwa ndani. Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 zisiuzwe kwa watu wa kawaida. Tena hula ngozi ya nje ya boti.

6. Oga na badili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Haya yanahusu pia vitanda vya chuma, mageti na milango tunayoiparua ili kuipaka rangi upya.

Kuhusu chupa, ninyi wakulima wa pamba mnalijua somo hili. Dawa ya kuulia wadudu haitiwi katika chupa ya soda. Basi tina, petroli na mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Viacheni katika chombo chake chenye maandishi, juu, mahali penye kufuli. Kinachobaki kazini kibaki kazini.

Ikitokea mtoto amekunywa, msimtapishe. Vitu hivi vikirudi kooni huteleza na kuingia katika mapafu, na huko ndiko vinakoua. Msimpe maziwa wala mafuta ya kula, kwani huweza kumtapisha. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, kisha mleteni hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Hata akionekana mzima, mleteni. Kupumua kwa shida huweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Baba anayekwenda ziwani anakwenda kwa ajili ya watoto wake. Tumsaidie arudi na riziki, wala asirudi na sumu katika nguo wala katika chupa. Mama, akifika mlangoni, mpe maji ya kuoga kwanza, ndipo watoto wamkimbilie.

Mungu azilinde familia zetu.