Maharage machanga ya maziwa, bila uyoga wa porini

Safari hii naomba tuingie jikoni, maana mengi tunayoyazungumza na wewe tukipita nyumba kwa nyumba huanzia pale kwenye mafiga.

Dada yangu mkubwa alipata safari ya Marekani mwaka 2024, sisi tukabaki tukisubiri zamu yetu. Kule, Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11 ni sikukuu ya kushukuru, watu wanakusanyika kula pamoja. Wenzake wa kazini walimwalika. Mezani akapewa maharage machanga, yale yanayoliwa na maganda yake, ambayo sisi watu wa Kivu tumezoea kuyaita kwa Kifaransa, ariko-veri. Yalikuwa yamezama katika mchuzi mweupe mzito, na juu yametandazwa vitunguu vya kukaanga vinavyolia kra-kra mdomoni. Alipotueleza kwa simu mama alicheka sana. "Maharage ndani ya maziwa? Na mawese je?"

Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zikasimamishwa. Faili letu likalala. Mwezi wa 11 ulipofika mama akasema, kama hatuwezi kwenda kula naye, basi tukipike hapa hapa Nakivale, tule kitu kimoja siku moja.

Usifikiri chakula hiki ni cha kifalme. Kilibuniwa mwaka 1955 na mama mmoja aitwaye Dorcas Reilly, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell, mjini Camden, jimbo la New Jersey. Kazi yake ilikuwa kutafuta chakula chepesi kitokanacho na vitu ambavyo mama wa nyumba wa Marekani tayari anavyo kabatini. Akachukua maharage machanga, kopo moja la supu nzito ya uyoga, maziwa kidogo, pilipili manga, mchuzi wa soya na vitunguu vya kukaanga vya kopo. Akavichanganya akaviingiza katika oveni, dakika kama 30 hivi. Basi.

Shida yetu ikaanzia kwenye neno moja: uyoga.

Mwezi wa 11 huku ni mvua, na uyoga unaota kila mahali. Nilirudi kutoka kwenye mzunguko wa nyumba nikamkuta mama ana kikapu kimejaa, mweupe, mzuri kwa macho. Mimi ni mhudumu wa kujitolea, mnaotuita VHT, na mafunzo hayo nimeyapata. Lakini kumwambia mama mzazi "mwaga" si jambo dogo. Alinijibu, "Nimechuma uyoga tangu wewe hujazaliwa." Ni kweli. Ila aliuchuma Fizi, siyo hapa. Nikamwambia hilo kwa upole: mama, ule wa nyumbani unaujua, huu unafanana nao tu. Alikaa kimya muda mrefu, akanisukumia kikapu. Nikautupa chooni. Mpaka leo hatujui kama ulikuwa mzuri au wa sumu, na hatukuwa na njia ya kujua.

Nakuomba unisikilize vizuri hapa. Mtu aliyehama nchi yuko katika hatari kubwa zaidi ya uyoga kuliko mwenyeji, kwa sababu macho yake yamefundishwa na msitu mwingine. Kuna uyoga wa sumu ambao kuuchemsha, kuukausha au kuukaanga hakuondoi sumu. Kijiko cha fedha hakibadiliki rangi, na mdudu kuula si dalili kwamba na wewe utapona. Ule mbaya kuliko wote haukuumizi mara moja. Saa 6 hadi 12, hata zaidi, unapita ukiwa mzima, ndipo kutapika na kuhara kunaanza. Halafu unapata nafuu, watu wanasema umepona, kumbe ini linaharibika ndani kwa ndani. Mtu akila uyoga wa mashaka, asisubiri kuumwa. Mpeleke kituo cha afya saa ile ile, na ubebe mabaki ya uyoga huo waganga wauone. Usimlazimishe kutapika wala kumnywesha mafuta au maziwa kama dawa.

Sasa turudi kwenye sufuria. Uzito wa mchuzi hautoki kwenye uyoga, unatoka kwenye unga na maziwa. Kwa watu 6 tafuta nusu kilo ya maharage machanga, vikombe 2 vya maziwa, vitunguu 3, unga wa ngano vijiko 5 vya kulia, mafuta na chumvi. Kama una kishamba, unaweza kuchuma maganda ya maharage yako kabla mbegu haijavimba. Vunja kichwa, vuta uzi wa pembeni, osha, kata vipande vya kidole. Chemsha dakika 10 mpaka yalainike lakini yabaki ya kijani, kisha mwaga maji. Usiwape watoto wayatafune mabichi. Maharage mabichi yana sumu yake ya asili inayosumbua tumbo, na moto ndio unaoiondoa.

Maziwa hapa kwetu Isingiro tunayo, tushukuru ng'ombe wa Ankole. Lakini yanakuja na boda katika jerikeni, mabichi, na wengine wananunua na kunywa pale pale wakisema yakichemshwa yanapoteza nguvu. Hapana. Maziwa mabichi yanaweza kukupa ugonjwa wa brusela: homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, jasho la usiku, viungo kuuma, na kwa mama mjamzito mimba inaweza kutoka. Wengi hudhani ni malaria, wanameza dawa za malaria bila kupona. Ukisikia hivyo, mweleze mganga kwamba ulikunywa maziwa mabichi. Na nyumbani, chemsha mpaka yapande, ndipo uyatumie.

Kata vitunguu 2 duara nyembamba sana. Vinyunyizie chumvi kidogo, vigaragaze katika vijiko 2 vya unga, na uvikaange kidogo kidogo mpaka vigeuke rangi ya dhahabu. Ukivijaza vyote kwa mara moja vitalowa na havitalia tena. Watoto wakae mbali na mafuta hayo. Akiungua, mwagia maji safi ya baridi dakika 20, usipake dawa ya meno.

Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu cha tatu kwa vijiko 3 vya mafuta, tia unga vijiko 3 uliobaki, koroga dakika moja bila kuacha. Mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga, la sivyo utapata madonge kama uji wa mtoto mvivu. Ukishakuwa mzito, tia chumvi na yale maharage. Huna maziwa? Nusu kikombe cha karanga zilizosagwa katika vikombe 2 vya maji, uchemshe mpaka uwe mzito, inafaa kabisa. Chagua karanga kwanza, zenye ukungu zitupe.

Oveni hatuna, lakini nani hapa hajui kuoka keki kwa makaa? Weka sufuria juu ya moto mdogo, funika, palia makaa juu ya kifuniko, dakika 15. Fanya kazi hiyo nje. Jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa linaua watu usingizini. Vitunguu vya kukaanga tandaza mwisho kabisa, wakati wa kupakua.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 mpondee maharage na mchuzi wake, bila vile vitunguu. Chini ya hapo ni ziwa la mama tu. Na usifute maharage makavu kwa sababu umepika haya. Haya ni mboga, yale makavu ndiyo yanayojenga mwili zaidi. Kipikwe kiliwe siku hiyo hiyo, hatuna friji.

Siku ile tulikula na posho. Dada alipiga jioni, simu ikazunguka kwa kila mtu. Alipomuuliza mama kilikuwaje, mama akasema ni kizuri, ila Wamarekani wamesahau pilipili.