Kauli za Kitenzi na Serikali ya Mtaa: Kufungamanisha Msamiati, Sarufi, Uandishi na Uraia katika Shule za Msingi za Pembezoni mwa Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Katika shule za msingi za Tanzania, Kiswahili na maarifa ya uraia hufundishwa kwa vipindi tofauti. Mwanafunzi wa Bunju au Chamazi hunyambulisha vitenzi asubuhi, kisha baadaye hukariri ngazi za serikali, pasi na kuoneshwa kuwa kazi hizo mbili zinahusiana. Makala haya yanafafanua namna ya kuzifungamanisha. Hoja kuu ni kwamba kauli za kitenzi hudhihirisha mahusiano ya mamlaka: nani ametenda, nani ametendewa, na nani hakutajwa. Kwa hiyo sarufi yenyewe inaweza kuwa somo la uraia.

Muktadha unaolengwa ni kata za pembezoni za Manispaa ya Kinondoni, mathalani Bunju na Mabwepande, na za Manispaa ya Temeke, mathalani Mbagala na Chamazi. Kwa familia nyingi za maeneo haya, ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo sura ya kwanza ya dola: huko hufuatwa barua ya utambulisho, na huko hubandikwa matangazo. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na ndicho lugha ya ofisi hiyo. Kinachoandikwa ubaoni na kinachobandikwa mlangoni mwa ofisi vinaweza kusomwa kwa maarifa yaleyale.

2.0 Msamiati: Vyeo na Asili ya Madaraka

Mamlaka za serikali za mitaa zilivunjwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza kuwa madhumuni ya kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwanafunzi hukutana na madaraka hayo kupitia majina ya vyeo: mwenyekiti wa mtaa, afisa mtendaji, diwani, meya, mkurugenzi.

Kuyakariri majina hayo hakutoshi, kwa kuwa tofauti ya msingi baina ya vyeo hivyo imo katika vitenzi vinavyoandamana navyo. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi, kama ilivyokuwa tarehe 27 Novemba 2024. Diwani wa kata huchaguliwa na wapigakura katika uchaguzi mkuu. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Afisa mtendaji wa mtaa huajiriwa, ilhali mkurugenzi wa manispaa huteuliwa na Rais. Kutokana na vitenzi hivyo mwalimu hujenga familia za maneno: *ajiri, mwajiri, mwajiriwa, ajira*, *teua, mteule, uteuzi*, *chagua, mchaguliwa, uchaguzi*. Neno *diwani* lenyewe lina historia ya kufaa darasani, kwani katika miji ya Mrima lilikuwa jina la watawala wa jadi; leo ni jina la mwakilishi anayeomba kura.

3.0 Sarufi: Nani Ametenda?

Mfano ulio karibu ni ule wa Mabwepande. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya wakazi wa mabondeni mwa Dar es Salaam walipewa makazi huko. Sentensi nne zaweza kutungwa kuhusu tukio hilo:

(a) Wakazi walihama mabondeni.
(b) Wakazi walihamia Mabwepande.
(c) Serikali iliwahamisha wakazi.
(d) Wakazi walihamishiwa Mabwepande.

Mzizi ni mmoja, lakini kila kauli inagawa uwezo kwa namna yake. Katika (a) na (b) wakazi ndio watenda. Katika (c) kiambishi cha usababishi kinaleta mtenda mwingine, na wakazi wanakuwa yambwa. Katika (d) wakazi wamerudi kwenye nafasi ya kiima, ila si watenda tena, na mtenda hakutajwa. Mwanafunzi anayetambua hatua hizi hajifunzi viambishi pekee. Anajifunza kuwa tukio moja laweza kusimuliwa kama uamuzi wa watu au kama jambo lililowapata. Kwa kuwa huenda baadhi ya wanafunzi wanatoka katika familia zilizohama, mwalimu hana budi kuuendesha mjadala kwa staha, bila kuamua ni sentensi ipi iliyo ya kweli kwa kila kaya.

Mbinu hii ina mfano kwingineko. Nchini Marekani, historia ya mwanzo ya serikali, ikiwamo Katiba ya mwaka 1787, hutumiwa pia kama matini ya kufundishia lugha. Utangulizi wa Katiba hiyo, sawa na ule wa Katiba ya Tanzania, umeandikwa kwa nafsi ya kwanza wingi: mwananchi ndiye kiima na ndiye mtenda. Ni vyema mwanafunzi aulinganishe muundo huo na wa matangazo ya kila siku, ambamo mwananchi huwa mtendwa.

4.0 Uandishi: Kutoka Tangazo hadi Barua Rasmi

Mwalimu aweza kutunga tangazo fupi: *Wakazi mnatangaziwa kuwa mtaro utazibuliwa Jumamosi. Mchango utakusanywa nyumba kwa nyumba.* Wanafunzi hutakiwa kuligeuza katika kauli ya kutenda. Hapo hukwama, kwa sababu kauli ya kutenda hudai mtenda: nani atazibua, nani atakusanya? Pengo hilo la kisarufi ndilo sababu ya kweli ya kuandika barua rasmi kwa mwenyekiti wa mtaa, yenye anwani, tarehe, kichwa cha habari na ombi moja lililo wazi.

Katika barua hiyo mwanafunzi ataandika *tunaomba kufahamishwa*, na hivyo kugundua kwamba kauli ya kutendwa si hila ya ofisi pekee. Hutumika pia kwa adabu. Aidha, mtenda huachwa wakati mwingine kwa kuwa anajulikana. Kinachofundishwa, basi, si kuishuku kila kauli ya kutendwa, bali kujua lini swali la "na nani?" linahitaji jibu.

5.0 Hitimisho

Yaweza kudaiwa kwamba ufungamanishaji hupunguza muda wa sarufi, hasa katika madarasa yenye wanafunzi wengi. Hata hivyo, tangazo moja ubaoni latosha darasa zima, na mnyambuliko unaofundishwa ni uleule. Tahadhari iliyo kubwa zaidi ni kufundisha vyeo na taratibu, si watu wala vyama. Upimaji nao uguse mambo matatu kwa pamoja: usahihi wa kauli, ufaafu wa msamiati, na uwazi wa ombi. Mtoto anayeweza kusoma tangazo la mtaa wake na kuuliza kwa staha ni nani atakayetenda amefaulu Kiswahili, na ameanza kuwa raia.