Oscar Swahn: Babu wa miaka 72 aliyebeba medali kwa kulenga mbele

ACHANA na mastaa wanaotundika daluga wakiwa na miaka 35 huku wakilalamikia magoti. Kwenye Olimpiki ya mwaka 1920 jijini Antwerp, Ubelgiji, babu wa miaka 72 kutoka Sweden aliingia uwanjani na bunduki yake, akatoka na medali ya fedha akiwa na timu ya nchi yake.

Jina lake ni Oscar Swahn. Hadi leo hakuna mwanamichezo mwenye umri mkubwa kuliko huo aliyewahi kuvaa medali ya Olimpiki.

Mchezo wake uliitwa kulungu anayekimbia, lakini hakuna mnyama aliyeuawa pale. Ilikuwa picha ya kulungu ya ukubwa wa kawaida, imepachikwa juu ya reli, mita 100 kutoka alipo mpigaji. Inatokea upande mmoja, inakatiza uwazi wa mita 23 kwa sekunde kama nne hivi, kisha inapotea. Ndani ya sekunde hizo, uwe umeshalenga na kufyatua.

HESABU YA PASI MPENYEZO

Shabiki wa soka anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kushika bunduki. Kiungo mzuri akimwona straika wake anachomoka, hampigii mpira miguuni, anampigia mbele.

Chukua pasi ya mita 20 inayokwenda kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Mpira utafika baada ya sekunde moja. Kama straika anakimbia mita nane kwa sekunde, lazima uwekwe mita nane mbele yake. Ukipigwa pale aliposimama, unaishia kwa beki.

Wengi hudhani kwa risasi hesabu hiyo haipo kwa sababu risasi ina kasi ya ajabu. Kasi ipo kweli. Risasi ya bunduki ya kuwindia ya leo inaweza kutoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde. Lakini hewa inaipunguza njiani, na mpaka imalize mita 100 inatumia kama sekunde 0.13.

Unaona ni muda mdogo? Kulungu wa reli alikuwa anakwenda karibu mita 5.75 kwa sekunde. Ndani ya sekunde hizo 0.13 anakuwa ameshasogea kama sentimita 75. Ukimlenga moyoni, risasi inapita nyuma kabisa ya moyo.

Mnyama halisi ni balaa zaidi. Anayekimbia kilomita 50 kwa saa anasogea kama mita 1.8 kabla risasi haijafika mita 100. Akiwa mita 50 tu, bado anasogea sentimita 90 hivi. Akikatiza kwa mshazari nafasi hiyo inapungua, na akija moja kwa moja kwa mpigaji inakuwa haipo kabisa. Hesabu yote hiyo inapigwa kwa jicho, kichwani, mnyama akiwa anakimbia.

MTUTU USISIMAME

Kosa kubwa la wapigaji wapya siyo kushindwa hesabu, ni kusimamisha bunduki. Anamfuata mnyama vizuri, anampita, anapata nafasi ya mbele, halafu anasimamisha mtutu ndipo anafyatua.

Hapo ameumia. Tangu ubongo uamue hadi kidole kivute, kunaweza kupita sekunde 0.2, muda mrefu kuliko ule wa risasi kuwa angani. Kwa kulungu wa reli, hiyo ni zaidi ya mita moja nyingine inayopotea. Ndiyo maana mafundi husisitiza mtutu uendelee kutembea hata baada ya risasi kutoka, kama straika anayeacha mguu umalizie safari yake baada ya kupiga shuti.

PORINI HAKUNA SARE

Uwanjani ukikosea unapoteza pointi. Porini anayelipa ni mnyama. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa wastani ni kama sahani ya chakula. Nafasi ya mbele ikikosewa kidogo tu, risasi inaingia tumboni au pajani, na mnyama anakimbia kwenda kufa taratibu mbali na macho ya watu.

Sweden wanalijua hilo. Wawindaji wake hufanya mazoezi kwa picha ya mnyama anayekimbia umbali wa mita 80 kabla ya msimu. Sheria yao pia inamtaka anayewinda wanyama wakubwa awe na uhakika wa kumpata mbwa wa kufuatilia majeruhi ndani ya saa mbili.

Na mara nyingi mwindaji fundi ni yule anayeshusha bunduki. Mnyama yuko mbali, anakwenda kasi, hesabu haijakaa sawa, basi anaachwa aende zake. Kama kiungo anayeona straika ameotea, anatulia na mpira wake.

MCHEZO ULIVYOISHIA

Kulungu wa reli alitoka Olimpiki baada ya mwaka 1924, akarudi 1952 na 1956, kisha akatoweka. Mwaka 1972 ikaja shabaha ya nguruwe pori kwa mita 50, na kuanzia 1992 ikawa bunduki ya upepo kwa mita 10. Yang Ling wa China alibeba dhahabu 1996 na 2000. Manfred Kurzer wa Ujerumani aliibeba Athens 2004, na huyo ndiye bingwa wa mwisho, kwani baada ya hapo mchezo uliondolewa.

Swahn mwenyewe alianza Olimpiki London 1908 akiwa na miaka 60, akabeba dhahabu mbili. Moja ilikuwa ya timu, akiwa pamoja na mwanaye Alfred, ambaye naye alimaliza na medali tisa. Stockholm 1912 baba na mwana walibeba tena dhahabu ya timu, mzee akiwa na miaka 64, na hakuna bingwa wa Olimpiki aliyemzidi umri.

Alifuzu tena kwa ajili ya 1924, akiwa na miaka 76, ila ugonjwa ukamzuia. Alifariki mwaka 1927.