Mumeachana? Mbele ya kuhama na watoto, pita kwanza ku tribinali

Asubui moja, watu wa poste ya usiku wanatoka, ndugu mumoja wa kazi akaingia mu biro yetu ya sendika hapa Kolwezi, buti ziko bado na matope. Yeye ni dereva mu kariere. Akasema: «Shefu, nimeenda kuona watoto kwa bibi yangu wa zamani, nimekuta kufuli ku mulango. Jirani ananiambia wamehamia Mwene-Ditu.» Watoto ni wawili. Mukubwa alikuwa mu mwaka wa sita wa primere, na mitihani ya serikali ilikuwa karibu.

Alitaka tumusindikize ku polisi, mama akamatwe. Nikamuuliza: «Pesa ya kulisha watoto, ulipeleka mara ya mwisho lini?» Akanyamaza. Ilikuwa miezi mine. Mama yule alikuwa amechoka kukopa ku duka, ndiyo sababu alirudi kwao.

Nani ana haki? Mu sendika tunaulizwa hivi kila wakati, sababu sisi watu wa migodi tunahama sana. Leo Likasi, kesho Kolwezi, kontra ikiisha unarudi kwenu. Wandugu, mama na papa, tusikilizane vizuri.

Jambo la kwanza: muko kweli mumeachana? Ndugu yetu alisema ndiyo, wazee walikaa, mali ya bibi ikarudishwa. Lakini ndoa yao ilikuwa imeandikwa ku komini. Mu Code ya Familia, ile ya 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, ndoa ya wazima wawili inavunjwa na tribinali peke yake. Kikao cha familia kinaweza kupatanisha watu, lakini hakitoi talaka. Basi mbele ya sheria walikuwa bado bwana na bibi, na hakuna karatasi iliyosema watoto wanakaa na nani.

Jambo la pili: sheria haikatazi mutu kuhama. Katiba ya 2006 inamupa kila mutu ruhusa ya kwenda na kukaa mahali anapotaka mu inchi. Bwana wa zamani hawezi kumufungia mama mu Kolwezi maisha yote. Mama naye hawezi kumukataza papa kwenda kutafuta kazi ku mugodi mwingine. Lakini mutoto si muzigo wa kutupa juu ya lori. Hata kama juji amemupa muzazi mumoja watoto, ule mwingine anabakia muzazi: ana haki ya kufuata namna wanavyokomea na kusoma, na ana deni la kusaidia kufuatana na nguvu yake. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mutoto, ambayo inchi yetu ilikubali mu 1990, yanasema mutoto aliyetengana na muzazi ana haki ya kuonana naye, isipokuwa kama inamuletea hatari. Haki hiyo ni ya mutoto mwenyewe. Ukihama naye kwa siri, ni yeye unayemunyanganya.

Na hii si kwa wamama tu. Kuko wapapa wanaopeleka watoto kwa bibi yao ku kijiji bila kumwambia mama. Wanasema: «Kwetu Waluba mutoto ni wa baba.» Wabemba nao watasema mjomba ndiye mwenye neno. Juji atasikiliza, lakini atauliza kitu kimoja: faida ya mutoto iko wapi?

Ataangalia nani alikuwa anamutunza kila siku, masomo yatakuwa wapi, nyumba ni gani, safari inaanza mwezi gani, na ule muzazi mwingine ataonana naye namna gani. Mutoto mwenye akili ya kuelewa ana haki ya kusema neno lake. Na hukumu juu ya watoto inaweza kubadilishwa kama maisha yamebadilika.

Sasa ufanye nini? Mbele ya kufunga mizigo, mwambie mwenzako: unaenda wapi, lini, sababu gani. Mukisikilizana, muandike: likizo kwa nani, tiketi nani atalipa, siku gani ya simu, pesa ngapi kila mwezi. Mupeleke karatasi hiyo kwa juji aitie nguvu. Mukikosa kusikilizana, talaka inaanzia ku tribinali ya amani, ile tunaita tripaix. Ubishi juu ya mamlaka ya wazazi na pesa ya kulisha mutoto unaenda ku Tribinali ya Watoto, iliyowekwa na sheria ya 10 Januari 2009. Huna pesa ya avoka? Uliza ku baro biro yao ya mashauri ya bure.

Kama unavuka Kasumbalesa kwenda Zambia, ujue kwamba ku mupaka wanaweza kukuomba ruhusa ya muzazi mwingine. Na hukumu ya Kongo haivuki mupaka peke yake, inapaswa kwanza ikubaliwe na tribinali ya kule.

Neno la sendika sasa. Talaka inaondoa bibi ku lisiti ya kompanyi, haiondoi watoto. Code ya Kazi ya 2002 inaweka matunzo ya mufanyakazi na watoto wake juu ya mwajiri. Peleka kopi ya hukumu ku biro ya wafanyakazi, na uombe kwa maandishi watoto watatunziwa wapi kama hawako tena mu muji wa mugodi.

Ndugu yetu hakuenda ku polisi. Alipiga simu, akatuma pesa, na mama akamurudisha mukubwa kufanya mitihani. Kisha wakaenda kwa juji. Watoto walibakia na mama Mwene-Ditu, likizo kubwa ni kwa papa, na pesa yao inakatwa ku mushahara kila mwezi. Hakufurahi. Lakini sasa anajua tarehe ya kuwapokea ku gare. Siku ile mu biro yetu, hakuwa anaijua.