Sandwichi za jibini: Kitafunio chepesi cha chai ya saa kumi kinachodai uangalifu

Na MWANDISHI WETU

KWA Wakenya wengi, saa kumi jioni ni saa ya chai. Iwe ni ofisini, shambani au nyumbani, birika huinjikwa jikoni na kando yake pakawekwa mandazi, chapati, nduma au viazi vitamu.

Katika hoteli na kwenye hafla kama vile mahafali, harusi na mikutano, nafasi ya mandazi mara nyingi huchukuliwa na sandwichi ndogo zilizokatwa mfano wa vidole na kujazwa jibini.

Kwa kuwa kitafunio hiki hakipitishwi motoni, wengi hukidhania kuwa kazi ya dakika chache tu. Kumbe kukosa moto huko ndiko kunakokifanya kidai uangalifu. Mkate ukilowa, mgeni atakiacha sahanini. Jibini likiharibika, mgeni huenda akaishia hospitalini.

Kwa mpishi wa nyumbani, hiyo ni aibu ya siku moja. Kwa mama au kijana anayepata riziki kwa kuandaa vyakula vya hafla, huenda huo ukawa ndio mwisho wa biashara yake.

ASILI YAKE

Sandwichi ilipata jina lake kutokana na John Montagu, mtawala wa nne wa Sandwich nchini Uingereza, aliyeishi kati ya 1718 na 1792. Inasimuliwa kwamba aliagiza nyama iliyobanwa kati ya vipande viwili vya mkate ili asiache mchezo wa karata. Hata hivyo, mwanahistoria N. A. M. Rodger anaona kuwa yaelekea zaidi ilikuwa kazi za ofisini zilizomfunga mezani.

Kufikia Novemba 1762, mwandishi Edward Gibbon alikuwa tayari ametumia neno hilo katika shajara yake alipoeleza chakula alichowaona watu wakila jijini London.

Nayo chai ya alasiri huhusishwa na Anna Russell, mke wa mtawala wa Bedford. Masimulizi yanasema kuwa karibu na mwaka wa 1840 alikuwa akihisi njaa na uchovu kila alasiri, kwa kuwa chajio kililiwa yapata saa mbili usiku. Akaanza kuagiza chai, mkate na siagi aletewe chumbani, kisha akawaalika marafiki zake. Mtindo huo ukaenea miongoni mwa matajiri.

Hapa inafaa kusahihisha jambo moja. Baadhi ya hoteli huita mlo huu 'high tea', lakini nchini Uingereza jina hilo lilikuwa la mlo mzito wa jioni ambao wafanyakazi walikula baada ya kutoka kazini, wenye nyama, mayai na mkate. Sandwichi za vidole ni za chai ya alasiri, ambayo huwa nyepesi.

Kenya nayo ina sehemu yake katika meza hiyo. Chai ilipandwa nchini kwa mara ya kwanza huko Limuru mnamo 1903, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi katika mataifa ya nje. Sehemu kubwa ya chai inayonywewa na Waingereza huwa imechanganywa na majani kutoka milima yetu.

VINAVYOHITAJIKA

Viwango hivi vinatosha vipande 24, yaani vinne kwa kila mmoja wa wageni sita:

- Slesi 16 nyembamba za mkate, nusu mweupe na nusu wa kahawia
- Jibini gumu aina ya cheddar, gramu 250
- Siagi laini, gramu 100
- Mayonezi, vijiko vitatu vya mezani
- Haradali, kijiko kimoja cha chai
- Majani ya kitunguu yaliyokatwakatwa, vijiko viwili vya mezani
- Pilipili manga kidogo

Jibini la cheddar lilipata jina kutokana na kijiji cha Cheddar katika jimbo la Somerset, Uingereza, lakini sasa hutengenezwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Chagua lililokomaa, kwa kuwa ladha yake ni kali na kiasi kidogo hutosha. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja, maana jibini lenyewe huwa na chumvi.

NAMNA YA KUANDAA

1. Toa siagi kwenye jokofu mapema ili ilainike. Siagi ngumu huchana mkate.

2. Kwaruza jibini kwa kutumia matundu madogo ya kikwaruzo. Changanya na mayonezi, haradali, majani ya kitunguu na pilipili manga hadi upate mchanganyiko unaopakika. Ukiwa mkavu, ongeza mayonezi kidogo kidogo.

3. Panga slesi mbili mbili kwa jinsi zilivyofuatana katika mkate, ili kingo zake zilingane. Paka siagi upande mmoja wa kila slesi, hadi ukingoni.

4. Tandaza mchanganyiko wa jibini juu ya slesi moja, kiasi cha vijiko viwili vya mezani, kisha funika kwa ya pili. Ukitaka rangi mbili, tumia slesi nyeupe chini na ya kahawia juu.

5. Funika sandwichi zote kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji safi na kukamuliwa, kisha uziweke jokofuni kwa dakika 30.

6. Toa sandwichi na ukate maganda ya pande zote nne kwa kisu kirefu chenye meno. Kata kila moja vipande vitatu vya urefu. Kokota kisu mbele na nyuma bila kukandamiza, na ukipanguse baada ya kila mkato.

KWA NINI IWE HIVYO?

Siagi katika sandwichi haiwekwi kwa ajili ya ladha pekee. Mafuta yake hutanda juu ya mkate na kuzuia unyevu wa kijazio usipenye. Ndiyo sababu sharti ipakwe hadi ukingoni. Palipoachwa wazi ndipo mkate huanza kulowa.

Kadhalika, maganda hukatwa baada ya kujaza wala si kabla. Maganda huushikilia mkate wakati wa kupaka, na yakikatwa mwishoni, kingo zote hutoka zimenyooka pamoja na kijazio chake.

Nayo nusu saa ya jokofuni huifanya siagi na jibini kushikana tena, hivyo kijazio hakichomozi kisu kinapopita. Mpishi anayeruka hatua hii hupata vipande vilivyobonyea.

Mkate wa jana hukatika vizuri kuliko uliotoka tanuri asubuhi hiyo, ambao huwa laini mno na hugandamana na kisu. Maganda yaliyosalia yasitupwe. Yakikaushwa katika jiko lenye moto mdogo na kusagwa, hutoa chenga za kuviringishia katlesi na kababu.

JIBINI NA TANGO

Waingereza hupenda mno kula tango katika sandwichi za alasiri, na huoana vyema na jibini laini. Tatizo la tango ni maji yake mengi.

Lioshe na kulimenya, ukate vipande vyembamba sana, unyunyize chumvi kidogo na uache kwenye chujio kwa dakika 20. Chumvi huvuta maji nje. Kisha yakaushe kwa kuyabana ndani ya kitambaa safi kabla ya kuyapanga juu ya jibini. Nyanya ni afadhali ziachwe kabisa, ila ikiwa sandwichi zitaliwa papo hapo.

JIBINI LA NYUMBANI

Kwa familia nyingi, jibini la dukani ni ghali, ilhali wafugaji wa ng'ombe huweza kuwa na maziwa ya kumwaga msimu wa mvua. Jibini laini linaweza kutengenezwa nyumbani bila mtambo wowote.

Chemsha lita mbili za maziwa halisi, ukikoroga ili yasiungue, hadi yakaribie kufurika. Epua, kisha utie vijiko vinne vya mezani vya maji ya limau huku ukikoroga polepole. Maziwa yatajitenga: mabonge meupe yataelea katika maji ya rangi ya kijanikijani. Iwapo maji yangali meupe, ongeza limau kidogo.

Acha kwa dakika 10, kisha uchuje kwa kitambaa safi chepesi. Mwagia mabonge hayo maji baridi yaliyochemshwa awali ili kupunguza ukali wa limau. Ning'iniza kitambaa kwa muda wa dakika 30 hadi saa moja ili maji yachuruzike, halafu uponde jibini kwa chumvi kidogo na kijiko kimoja au viwili vya maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, hadi liwe laini.

Lita mbili hutoa takriban gramu 300 hadi 400 za jibini, kutegemea unono wa maziwa. Liweke jokofuni ndani ya chombo chenye kifuniko na ulitumie kabla ya siku tatu kupita. Maji yaliyochujwa yanafaa kukandia unga wa chapati.

USALAMA

Maziwa mabichi yanaweza kubeba viini vya maradhi kama vile brusela, kifua kikuu cha ng'ombe na listeria. Kwa hivyo jibini lolote la sandwichi litokane na maziwa yaliyochemshwa au yaliyopitishwa katika joto la kuua viini, ambalo kiwandani ni nyuzi 72 kwa sekunde 15 au nyuzi 63 kwa dakika 30.

Listeria huhitaji tahadhari ya pekee kwa sababu huweza kuzaana hata ndani ya jokofu. Ugonjwa wake unaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa akiwa amekufa. Mama mjamzito asipewe jibini laini lililotengenezwa kwa maziwa mabichi. Jibini gumu lililokomaa huwa na hatari ndogo zaidi.

Baada ya kuandaliwa, sandwichi zisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili. Panapokuwa na joto linalozidi nyuzi 32, kama inavyotokea Mombasa, Lodwar au Garissa miezi ya kiangazi, muda huo upunguzwe hadi saa moja. Bakteria huzaana kwa haraka kati ya nyuzi tano na nyuzi 60, na chakula chaweza kuwa na sumu bila kubadilika harufu wala ladha.

Kwa hivyo, katika hafla ni bora kupeleka sahani chache mezani na kuzijaza upya kutoka jokofuni, kuliko kutandaza zote mara moja zikingoja hotuba zimalizike. Zilizosalia mezani kupita muda huo zitupwe, hata kama zinapendeza machoni.

WAGENI WENYE MASHARTI

Jibini nyingi za kiwandani hugandishwa kwa kimeng'enya kiitwacho renet, ambacho kiasili hutolewa katika tumbo la ndama. Wageni wasiokula nyama hawataki jibini la aina hiyo, na baadhi ya Waislamu huuliza iwapo ndama alichinjwa kwa njia ya halali.

Siku hizi kuna renet inayotokana na mimea au vijidudu, na baadhi ya viwanda huonyesha hivyo kwenye pakiti. Soma maelezo hayo kabla ya kununua. Jibini la limau lililoelezwa hapo juu halina renet yoyote.

Vilevile, uliza kama kuna mgeni asiyepatana na ngano, maziwa, mayai au haradali. Mayonezi huwa na mayai, jambo ambalo wapishi wengi husahau kulitaja.

KUPANGA NA KUANDALIA

Kwa desturi ya Kiingereza, sahani za ghorofa tatu huwekwa sandwichi chini, skoni katikati na keki juu. Mlaji huanzia chini kwenda juu, yaani vyenye chumvi kwanza na vitamu baadaye. Asiye na sahani hizo atumie sinia moja pana. Muhimu ni vipande visirundikwe hadi vikabonyezana.

Kuhusu chai yenyewe, Waingereza humwagia majani maji yaliyochemka barabara, huyaacha kwa dakika tatu hadi tano, kisha kila mtu hujitilia maziwa kikombeni. Chai yetu iliyochemshwa pamoja na maziwa pia inafaa, ila isiwe nzito na yenye sukari nyingi kiasi cha kufunika ladha ya jibini.

Anayeandalia watu 50 atahitaji vipande 200, yaani sandwichi nzima 67. Hizo hutumia slesi 134 za mkate na takriban kilo mbili na gramu 100 za jibini. Kijazio chaweza kuandaliwa usiku wa kuamkia siku ya hafla na kuhifadhiwa jokofuni, lakini kupaka na kukata kufanywe siku yenyewe.

Kabla ya kukubali kazi kama hiyo, mpishi ahakikishe kuwa ukumbini kuna jokofu, au abebe sanduku lenye barafu. Pasipo na kimojawapo, ni heri amshauri mwenye hafla aandae mandazi.