Haki ya Mwanafunzi Mwenye Ulemavu katika Wakati Wetu

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, leo twazungumzia wakati wetu, na haki waliyo nayo ndani yake wanafunzi vipofu, viziwi, na wenye ulemavu wa viungo au wa akili. Kila tunapowaombea msaada, jibu huwa moja: "Sina nafasi." Basi na tulipime jibu hilo.

Sura ya 80, Abasa, yatukumbusha kisa kilichotokea Makka. Bwana Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akitaraji wasilimu. Akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, akiomba afundishwe. Mtume akakunja uso, akageuka. Mwenyezi Mungu akateremsha maneno ya kumnasihi. Tuzingatie: Mtume hakuwa katika upuuzi, bali katika shughuli kubwa ya dini, wala yule kipofu hakuuona uso uliokunjwa. Hata hivyo, aliyekuja kutafuta elimu hakufaa kuachwa. Ikiwa shughuli ile haikuwa udhuru, zitakuwaje biashara zetu na mazungumzo yetu ya barazani?

Na tuyatazame matokeo. Bin Ummi Maktum akawa mwadhini Madina pamoja na Bilali, na Mtume aliposafiri alimwachia zaidi ya mara moja kazi ya kuwasalisha watu. Aliyefunzwa akawa mwenye kutegemewa.

Sisi walimu wa vyuo tujilaumu kwanza. Mara ngapi tumemketisha mtoto kiziwi nyuma ya mkeka, tukahesabu kuwa kuhudhuria kwake kwatosha?

Kazi yenyewe si ngumu. Mwanafunzi kipofu husoma kwa nukta nundu, maandishi yaliyobuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni. Alama zake zatokana na nukta sita, nazo husomwa kwa ncha za vidole. Vitabu vya namna hiyo ni vikubwa na vya gharama, na mara nyingi havitoshi. Basi mwenye macho aweza kumsomea kitabu cha kawaida, naye akajiandikia. Kiziwi atazamwe usoni anaposemeshwa, nasi tujifunze lugha ya alama hata kwa maneno machache. Mwenye ulemavu wa akili hurudiwa jambo moja, hatua kwa hatua, bila ya kukaripiwa.

Lakini jambo hili lataka mpango. Kwanza, tumwone mwalimu mkuu, tumwulize kinachohitajika. Pili, tuchague saa isiyogongana na riziki, kama baina ya Alasiri na Magharibi, siku moja ya wiki. Tatu, tuishike ahadi. Mtume ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi ni ile ya kudumu, japokuwa kidogo. Mtoto aliyeahidiwa hukaa akisikiliza nyayo mlangoni. Ajaye mara moja na zawadi kisha akatoweka humwachia huzuni.

Ndugu zangu, kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja wetu aitenge saa yake, na ailinde kama alindavyo miadi ya biashara.

Ewe Mola wetu, tubarikie wakati wetu, utusamehe tuliowapuuza, na utujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi. Amin.